Kura milioni 19, wajumbe sifuri

ULIZA MWALIMU

Nilifundisha Historia na Uraia sekondari mpaka nikastaafu, na chaguzi kadhaa nimekaa vituoni Temeke nikisimamia masanduku, kwa hiyo anayeniletea swali la uchaguzi ananipa kazi ninayoipenda. Barua za mwezi huu zimerundikana kwenye jambo moja: kwa nini Wamarekani, watu zaidi ya milioni 300, kila baada ya miaka minne wanaishia kuchagua kati ya Democrat na Republican? Nimechambua chache.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kinyozi Sinza. Kibandani kwangu kuna ubishi usioisha. Mteja mmoja anasema Katiba ya Marekani inaruhusu vyama viwili tu, ndiyo maana Robert Kennedy alijitoa mwaka 2024. Mwingine anasema vyama viko vingi ila havina hela. Tumekubaliana neno lako ndilo la mwisho, na aliyeshindwa anawanunulia soda waliopo wote. — Kinyozi, Sinza*

Marahaba, mwanangu. Soda anunue huyo wa kwanza. Wa pili naye asishangilie sana, maana kapata nusu.

Katiba ya Marekani haitaji chama hata kimoja. Vyama vipo: Libertarian kilianzishwa 1971, kuna Green, kuna Constitution, na vingine vidogo vya jimbo mojamoja. Mtu asiye na chama naye anaruhusiwa kugombea mpaka urais. Mwaka 2016 Gary Johnson wa Libertarian alipata karibu kura milioni 4.5, na hizo hazikuzidi asilimia 3 na kidogo.

Balaa linaanzia kwenye fomu. Hapa kwetu mgombea urais anachukua fomu kwenye tume moja, anatafuta wadhamini 200 kwa kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake iwe ya Zanzibar, anarudisha. Marekani ofisi ya namna hiyo haipo. Ile Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho iliyoko Washington inashughulika na fedha za kampeni. Karatasi ya kura ni mali ya jimbo, na kila jimbo lina sheria yake ya nani aandikwe juu ya karatasi hiyo. Majimbo 50, ongeza mji mkuu wenyewe: sheria 51, tarehe 51, fomu 51. Democrat na Republican hawasumbuki, kwa kuwa kwa kawaida chama kilichopata kiwango fulani cha kura uchaguzi uliopita kinaingia moja kwa moja. Anayeanza upya ndiye anayetumwa mtaani na kalamu.

Sasa ona viwango vilivyopishana. Tennessee inamtaka mgombea binafsi wa urais alete sahihi 275. Kikao kimoja cha wazazi shuleni kinatosha. California mwaka 2024 ilitaka 219,403. Texas ilitaka 113,151, na hapo kuna ujanja ndani yake: zikusanywe kwa siku zisizofika 70, kuanzia baada ya mchujo wa vyama wa mwezi Machi hadi katikati ya Mei, na mtu aliyepiga kura kwenye mchujo wa chama chochote haruhusiwi kusaini. Yaani yule mwananchi mwenye hamasa, ambaye hakosi kituoni, ndiye unayekatazwa kumgusa. New York inataka 45,000 ndani ya wiki sita.

Na ukizifikisha 45,000 bado hujamaliza. Anuani isipolingana na ile ya kwenye daftari, sahihi inafutwa. Mwandiko usiposomeka, inafutwa. Kwa hiyo kampeni zinakusanya za ziada nyingi, na mara nyingi wanaokusanya ni vibarua wanaolipwa. Fedha hiyo yote inateketea kabla mgombea hajapanda jukwaani kutaja sera hata moja. Ndipo mteja wako wa pili anapopata nusu yake: hela ni tatizo kweli, lakini sheria ndizo zilizolikuza.

Halafu linakuja pingamizi. Mwaka 2004 Ralph Nader, mwanasheria aliyejulikana kwa kutetea haki za walaji, alienguliwa Pennsylvania baada ya upande wa Democrat kupeleka sahihi zake mahakamani na maelfu kufutwa. Haikuishia hapo. Mahakama ikawaamuru yeye na mgombea mwenza wake walipe gharama za kesi, zaidi ya dola 80,000. Umekwenda kuomba kura, unarudi na deni! Mwaka 2020 mwanamuziki Kanye West alipeleka fomu zake Wisconsin siku ya mwisho, ambayo dirisha lilikuwa linafungwa saa 11 jioni. Watu wake wakaingia dakika ileile ya kufunga, ukazuka ubishi kama saa 11 imeshapita au haijapita, na jina likakatwa. Jimbo hilohilo, mwaka huohuo, Howie Hawkins wa Green naye akakosa nafasi kwa sababu mgombea mwenza wake alikuwa amehama nyumba na makaratasi yakawa na anuani mbili.

Nani anatunga sheria hizi? Mabunge ya majimbo, ambayo wabunge wake karibu wote ni wa vyama viwili vilevile. Mimi hapo sihitaji kuongezewa maelezo. Ni kweli mahakama zimewahi kuwasaidia wadogo: mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ya Ohio iliyodai chama kipya kilete sahihi sawa na asilimia 15 ya waliopiga kura, na mwaka 1983 ikaifuta tarehe ya mwisho ya Ohio hiyohiyo iliyowekwa mwezi Machi, miezi saba na zaidi kabla ya uchaguzi. Katikati hapo, mwaka 1971, ilikubali sharti la Georgia la asilimia 5. Kwa hiyo usitegemee.

Turudi kwa Kennedy wako. Alijitangaza mgombea binafsi Oktoba 2023, na jina la ukoo huo linajulikana hadi Kariakoo. Akamchagua mwenza tajiri, Nicole Shanahan, mtalaka wa mmoja wa waasisi wa Google, na fedha yake ilisaidia sana kwenye hizo sahihi. New York wakamwekea pingamizi kwamba nyumba aliyoiandika kuwa makazi yake, chumba katika nyumba ya rafiki yake mjini Katonah, si makazi yake. Yeye anaishi California. Jaji akakubaliana na walalamikaji, Agosti 2024. Siku chache baadaye, tarehe 23, Kennedy akasimamisha kampeni na kumuunga mkono Trump. Hapa mjini tungesema ameamua kuunga mkono juhudi.

Kilichofuata kilinichekesha. New York alikuwa anapigania jina lake lirudishwe, huku Michigan na Wisconsin, kwenye ushindani mkali, akipigania litolewe lisije likampunguzia Trump kura. Mahakama ya Juu ikamkatalia kuingia, ikamkatalia na kutoka.

Je, sheria ndizo zilizomtoa? Kwa sehemu tu. Tafiti za maoni zilionyesha ameshaporomoka tangu Kamala Harris achukue nafasi ya Joe Biden mwezi Julai. Watu waliokuwa wanamkimbilia kwa kuwachoka wale wazee wawili wakapata pengine pa kwenda. Hilo mwambie mteja wako wakati anafungua soda.

*

*Mwalimu shikamoo. Nimesoma kwamba mwaka 1992 Ross Perot alipata kura zaidi ya milioni 19 lakini akaambulia sifuri. Nimerudia mara mbili nikidhani ni kosa la uchapaji. Inawezekanaje? — Mwanafunzi wa chuo, Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba. Hakuna kosa la uchapaji. Huko rais anachaguliwa na wajumbe wa kila jimbo, si na jumla ya kura za wananchi. Perot, tajiri aliyegombea bila chama, alipata kura milioni 19.7, karibu asilimia 19 ya zote. Clinton alipata asilimia 43 na wajumbe 370, Bush mkubwa asilimia 37 na wajumbe 168, Perot sifuri.

Kumbuka uchaguzi wetu wa 1995. Augustino Mrema alipata kama asilimia 28 na akashindwa, lakini kura zake za Kilimanjaro na za Dar zilimwagwa kapu moja, zikajumlishwa. Marekani wana makapu 51. Katika majimbo 48 na mji mkuu, anayeongoza kwenye kapu, hata kwa kura moja, anabeba wajumbe wote wa kapu hilo. Maine na Nebraska tu ndizo zinazogawa baadhi kwa wilaya za uchaguzi. Wajumbe wote ni 538, wa kushinda ni 270. Perot alikuwa na asilimia 20 huku, 25 kule, Maine akafika 30 na kumpita Bush, Utah akampita Clinton. Wa pili hapewi kitu.

Mlinganishe na George Wallace wa mwaka 1968. Huyu alikuwa gavana wa Alabama aliyejijengea jina kwa kutetea ubaguzi wa rangi. Kitaifa alipata asilimia 13.5, pungufu kuliko Perot, lakini kura zake zilijazana Kusini. Akashinda majimbo matano na kuondoka na wajumbe 46. Hesabu hii imenikera tangu nilipoanza kuifundisha: inamtupa mtu anayependwa kidogokidogo nchi nzima, inamzawadia mwenye chuki ya eneo moja. Watu hupenda kulaumu sahihi na fedha. Mimi nikiambiwa nitaje kizuizi kikubwa kuliko vyote, nataja hiki, kwa sababu Perot fedha alikuwa nayo. Alitumia zaidi ya dola milioni 60 za mfukoni, akanunua nusu saa nzimanzima za televisheni akieleza deni la taifa kwa chati, na akapatikana kwenye karatasi ya kura ya majimbo yote 50. (Alijiharibia pia. Mwezi Juni alikuwa anaongoza kwenye tafiti, Julai akajitoa, Oktoba akarudi. Mpiga kura hapendi kuchezewa hivyo.)

Aliyefanya vizuri kuliko wote wa aina hii ni Theodore Roosevelt mwaka 1912: asilimia 27, wajumbe 88. Na yeye alikuwa ameshakuwa rais.

Lipo na jingine linalosahaulika. Tuseme mgombea wa tatu anafanikiwa kuchukua majimbo kadhaa na hakuna anayefika 270. Wananchi hawarudii kura. Baraza la Wawakilishi linachagua kati ya watatu wa juu, kila jimbo likiwa na kura moja, na anayefikisha 26 ndiye rais. California yenye watu karibu milioni 39 inalingana na Wyoming isiyofika watu laki sita. Na humo barazani wamejaa akina nani? Unawajua.

*

*Mwalimu, sisi wa kijiweni Mwenge tunauliza: kwenye mdahalo wa televisheni mbona wawili tu? Wengine hawataki kuja? — Bodaboda, Mwenge*

Wanataka sana, wanangu. Mwaka 2012 Jill Stein wa Green alijaribu kuingia eneo la mdahalo katika Chuo Kikuu cha Hofstra, New York, akakamatwa na kufungwa pingu kwenye kiti kwa saa kama nane.

Midahalo ilikuwa inaandaliwa na jumuiya ya wanawake wapiga kura, ambayo ilijitoa mwaka 1988 ikisema vyama viwili vinataka kuamrisha kila kitu. Ikabaki kamisheni iliyoundwa mwaka 1987 na wenyeviti wa vyama hivyohivyo viwili. Kuanzia 2000 kamisheni ikaweka sharti la asilimia 15 kwenye tafiti tano za kitaifa. Perot wa 1992 aliruhusiwa kusimama na Bush na Clinton, na baada ya hapo kura zake zikapanda. Kwa sharti hili la asilimia 15 asingeliona jukwaa lile. Mwaka 2024 vituo vya televisheni viliandaa midahalo yao pembeni ya kamisheni, lakini kipimo cha asilimia 15 kilibaki palepale.

*

*Mwalimu mwenzangu, habari za siku nyingi. Binti yangu ni raia wa Marekani, yuko Houston. Mwaka 2024 alimpigia Jill Stein, na baba yake kamnunia mpaka leo, anasema kaipoteza kura. Tupatanishe. — Mama wa Upanga*

Nzuri, dada. Mwambie shemeji apunguze hasira, ila asizifute zote.

Texas, jimbo lenye Houston, mwaka 2024 Trump alishinda kwa zaidi ya kura milioni moja. Kura ya binti isingegeuza chochote, hata angeipeleka kwa nani. Sasa twende Florida, mwaka 2000. Bush mdogo alimshinda Al Gore wa Democrat kwa kura 537. Nader, huyuhuyu niliyemtaja, alikuwa na kura 97,488 katika jimbo hilo. Florida ndiyo iliyoamua rais. Democrat hawajamsamehe, na ndiyo sababu kubwa ya yale yaliyompata Pennsylvania miaka minne baadaye. Nader na watu wake wanajibu kwamba wapiga kura hao hawakuwa mali ya Al Gore, na wengi wasingetoka nyumbani kabisa. Wana hoja, lakini 537 ni idadi ndogo mno. Mimi naamini wangekosekana wale 97,000, Gore angeingia Ikulu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "umempigia nani", shemeji aulize kwanza "uko jimbo gani".

Dawa ipo na inajaribiwa. Maine wanamwacha mpiga kura awapange wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la wapiga kura wake. Walifika huko baada ya mwaka 2010 kumpata gavana kwa asilimia chini ya 38, huku mgombea binafsi akimfuata kwa karibu sana. Mwaka 2018 Jared Golden wa Democrat alikuwa nyuma kwenye hesabu ya kwanza ya kiti cha Baraza la Wawakilishi. Kura za wagombea binafsi wawili zilipohamishwa, akashinda. Alaska nao wakafuata. Lakini Novemba 2024 wapiga kura wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon walikataa mapendekezo ya namna hiyo, na Alaska yenyewe iliponea chupuchupu kuufuta mfumo wake. Hivyo si kila mara wanasiasa ndio wanaozuia.

*

*Mwalimu, unawasema Wamarekani, na sisi je? — Mstaafu, Kigamboni*

Sisi mgombea binafsi hana hata fomu ya kuchukua. Katiba inataka mgombea apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Katiba ikabadilishwa kumzuia. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ambayo Juni 2013 ilisema Tanzania imekiuka haki zake. Alifariki 2015, na sharti la chama lipo mpaka leo. Kwa hiyo nakubali, mzee mwenzangu: wao wana njia yenye miiba, sisi hatujaifungua.

*

*Shikamoo Mwalimu. Yupo hata mmoja aliyewahi kuwashinda? — Mwanafunzi wa kidato cha sita, Chang'ombe*

Marahaba. Wapo, ila urais utoe.

Watoto wa kiume watampenda Jesse Ventura, aliyekuwa mcheza mieleka wa televisheni. Mwaka 1998 aligombea ugavana wa Minnesota kwa tiketi ya chama alichokianzisha Perot, na akashinda kwa asilimia 37. Angalia alivyosaidiwa na sheria za jimbo lile, kinyume kabisa na niliyoyaeleza juu: alikaribishwa kwenye midahalo kabla hajawa tishio, jimbo linatoa ruzuku ya kampeni, na raia anaweza kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, hivyo vijana wengi walijitokeza ambao hakuna mtafiti aliyewahesabu. Aliingia ofisini bila mbunge hata mmoja wa chama chake, kila muswada akiombea kwa wapinzani, na baada ya muhula mmoja hakugombea tena.

Lisa Murkowski wa Alaska alishindwa kwenye mchujo wa chama chake mwaka 2010, akawaomba wananchi waandike jina lake kwa mkono kwenye karatasi, na akarudi Seneti. Jaribu kulitamka jina hilo, kisha fikiria kuliandika bila kukosea.

Angus King alikuwa gavana wa Maine bila chama, sasa ni seneta. Na yupo Bernie Sanders wa Vermont: mwaka 1981 alishinda umeya wa mji wa Burlington kwa tofauti ya kura 10, mwaka 1990 akaingia Baraza la Wawakilishi, na tangu 2007 yuko Seneti, miaka yote hiyo akichaguliwa kama mtu asiye na chama. Hakuna mgombea binafsi anayezijua sheria hizi kuliko yeye. Alipoutaka urais, mwaka 2016 na tena 2020, hakutuma watu kukusanya sahihi za Texas wala California. Alijiandikisha kwenye mchujo wa Democrat.